Muulize Shangazi: "Nilikata tawi tu, mbona kisiwa kizima kimeninunia?"

Haya wapenzi wasomaji, mwezi huu sijui mmeambizana au vipi, barua zote nilizochagua zimetoka ng'ambo ya maji. Na mimi kwa visiwa mnanijua, Msukuma wa Magu niliyeolewa Ukerewe nikakaa Nansio miaka tisa kabla ya kurudi Mwanza, kwahiyo hizi barua nimezisoma nyingine nacheka nyingine nakunja uso. Ya kwanza ilikua ndefu mno nimeipunguza, mwenyewe anisamehe.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mwalimu, nina miaka 27, kwetu Dodoma, nimeajiriwa mwaka huu nikapangiwa shule moja kisiwani Ukara. Mwanzoni watu walinipokea vizuri sana, vijana walinibebea godoro toka kivukoni mpaka nyumbani hawakudai hata mia, mama jirani akawa ananiletea viazi. Sasa hivi ni mwezi wa nne nikipita watu wananyamaza. Salamu wanaitikia kwa shida. Nikienda mwaloni kununua samaki naambiwa wameisha wakati nawaona kwenye ndoo. Nimejaribu kukumbuka nilikosea wapi naona ni vitu vidogo vidogo tu. Kuna siku nilikata tawi la mti ulio njiani nipate kuni, mzee mmoja akaja juu kama nimemuibia ng'ombe, nikamwambia mzee si mti tu huu. Kuna siku kulikua na msiba nyumba ya tatu toka kwangu, ilikua jumamosi na mi nilishapanga kwenda Nansio kutoa hela na kununua mahitaji, nikaenda, jioni nikapitia nikatoa rambirambi elfu tano. Siku nyingine nilipiga picha jua linazama nikaweka stetasi, kumbe kwa mbali kuna wamama wanaoga, hata sura hazionekani. Na kwenye kivuko siku moja kilikua kimejaa nikatania nikasema hiki kidude leo kinatupeleka chini, watu wote wakanyamaza. Mwalimu mwenzangu ananiambia nijiangalie, kuna mambo ya kishirikina, na kuna bibi mmoja jirani yangu ananiangaliaga hata mi simuelewi. Niombe uhamisho au nifanyeje? – Ticha, Ukara

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho maana ndo limenipandisha presha. Hilo neno ushirikina na hilo neno bibi ukome kuyaweka kwenye sentensi moja. We umetoka Dodoma pengine hukuyasikia kwa karibu, lakini kanda yetu hii ya ziwa mabibi wamekatwa mapanga kwasababu tu macho yao mekundu, na macho yenyewe yamekua mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. We ni mwalimu, ukisema kitu watoto wanakipeleka nyumbani kama kilivyo. Mwambie na huyo mwenzako akome. Mengine yote uliyofanya yanasameheka ila hili likishatoka mdomoni likamfikia mtu mjinga hakuna rambirambi itakayolirudisha.

Uhamisho usiombe. Kwanza hutapewa upesi, pili huko utakakoenda utakata tawi lingine.

Sasa tuje kwenye tawi. Unaona ni kitu kidogo kwasababu kwenu Dodoma mti wa njiani ni wa Mungu, mtu anachanja kuni anaenda zake. Ukara ni kisiwa kidogo na watu ni wengi mno kwa ardhi ile, na wenyewe wamekua wengi hivyo toka zamani, kabla hata ya wakoloni kuja kushangaa. Wameishi vipi? Kwa kuhesabu kila kitu. Ng'ombe wa Mkara haachiwi akazurura kama wa kwetu Magu, anafungwa ndani anakatiwa majani analetewa, na samadi yake inabebwa kichwani kupelekwa shambani. Majani yenyewe anayokatiwa yana mwenyewe, yamepandwa. Kuna mimea utaiona katikati ya uwele ukadhani magugu, ile imewekwa makusudi ifukiwe irutubishe udongo. Na miti ndo usiseme, karibu kila mti una mtu wake aliyeupanda au aliyeurithi, na watu wanajua ni wa nani kama wewe unavyojua simu yako ukiiona mezani. Kwahiyo ulipomwambia mzee "si mti tu huu" ulikua umeshika simu ya mtu unamwambia si simu tu hii. Tawi lingesameheka palepale ungesema samahani mzee mi mgeni sikujua. Kilichomuuma ni hilo jibu, na mbele za watu.

Cha kufanya, nunua sukari kilo moja na sabuni, tafuta mtu wa kwenda naye, usiende peke yako. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji au mwalimu mwenzako mzaliwa wa pale (sio huyo wa ushirikina). Muende jioni mzee akiwa ameshapumzika. Ukifika piga hodi ukae unapoonyeshwa, salimia na wa ndani wote, alafu muache yule uliyekuja naye aanze kuongea. Zamu yako ikifika sema nilikosa mzee wangu, nyamaza. Najua nyie waliosoma mnapenda kujieleza, oo mi nilifikiri, oo kwetu iko hivi. Usijieleze. Akikukaripia pokea, akimaliza kukukaripia atakuuliza we ni mtoto wa nani na kwenu mnalima nini, hapo ujue imeisha. Na siku ukitaka kuni uliza zinauzwa wapi ununue, mshahara unao.

Msiba. Hapa mwanangu nakusema kweli ulikosea kuliko kwenye tawi. Elfu tano yako ilipokelewa na ikaandikwa kwenye daftari, asante. Ila kaburi lilichimbwa na wanaume wa pale na we kijana wa miaka 27 mwenye mikono miwili hukuonekana, na wamekuona asubuhi umevaa vizuri unaelekea kivukoni na begi. Siku ya kuzika watu hawaendi shamba, wengine hata mtumbwi hauingii majini, na mwalimu anaenda Nansio kununua sijui sabuni ya kuogea. Hujui kuchimba? Beba maji. Kata kuni, hizo zenye ruhusa. Kaa tu kwenye lile benchi na wanaume wengine hata usiongee kitu, watu wakuone umekaa. Usiku mmoja wa kulala msibani pale nje kwenye moto, unapigwa na mbu unasikiliza wazee wanavyobishana mambo ya zamani, unakupa majirani kuliko miezi minne ya "habari za saizi". Huo msiba umepita lakini familia ipo. Nenda hata leo uwape pole, sema siku ile nilikosea sikuzika na nyinyi, arobaini yao kama haijafika kaulize unaweza kusaidia nini.

Picha naipita haraka. Futa. Vijiji vingi vya ziwani maji ya kuoga yana upande wa wamama na upande wa wababa na kuna saa zake, jua likikaribia kuzama ndo saa yenyewe, na kila mtu akifika saa hiyo anajua macho ayaweke wapi. Sura hazionekani unasema we, ila wale wamama wanajuana kwa khanga na kwa ndoo, na stetasi yako ina wazazi wa wanafunzi ndani yake. Muombe mwalimu mwenzio wa kike au mke wa mwenyekiti akufikishie samahani kwa wamama, usiende mwenyewe kuanza kueleza habari za wamama wanaoga, utaharibu zaidi.

Alafu kivuko. Nimekaa na hii sehemu ya barua yako muda mrefu.

Unafanya kazi Ukara, hujaambiwa habari ya MV Nyerere? Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya alhamisi, kile kivuko kimetoka Bugolora, upande wa Ukerewe, kulikokua na gulio, watu wamebeba mahindi yao na sukari na nguo za watoto, kinaenda Bwisya, pale pale unaposhukia wewe. Uwezo wake ulikua watu 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika, waliokua nchi kavu wakisubiri ndugu zao waliona kwa macho. Walikufa watu zaidi ya 200. Mi siku hiyo nilikua Kirumba, hapa Mwanza, simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine kila meza, mpaka giza linaingia tulikua hatujajua nani yuko wapi, shemeji yangu alikua analia anahesabu majina kwenye vidole. Baadhi ya waliokufa walizikwa hapohapo Bwisya. Na Mwanza tulishakua na kidonda kingine cha zamani, meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, makaburi ya waliokufa yako Igoma mpaka leo. Kwahiyo mtu wa ziwa anapopanda kitu kimejaa anakua ameshasali moyoni kabla hajakaa, na wewe ukasema kinatupeleka chini.

Darasani kwako kuna mtoto analelewa na bibi yake, we umeandika kwenye daftari "mama yuko mjini" au hukuandika kitu. Uliza taratibu kwa walimu wenyeji. Na huyo bibi jirani anayekuangalia usiyemuelewa, umeshawahi kumuuliza alimpoteza nani? Siwezi kusema ni yeye, simjui. Ila kijana wa miaka 27 mgeni anatembea na begi kuelekea kivukoni, bibi wa Ukara akimkazia macho mi ningeanza na hilo kabla ya uchawi.

Hapa hakuna sukari ya kupeleka wala mtu wa kumuomba samahani, utani ulishasikika. Ila ukipanda tena vaa jaketi lako la kuokolea bila kuambiwa, nahodha akisema kaa hapa kaa hapo, wakisema kimejaa subiri kinachofuata shuka hata kama una haraka. Watu wataona. Na tarehe 20 mwezi wa 9 ikifika uwepo na wenzio, usiwe Nansio.

Kuhusu samaki mwaloni nitakutetea kidogo, kumbe na mimi nina huruma. Hiyo ya "wameisha" pengine sio chuki. Samaki kwenye ndoo mara nyingi ana mwenyewe tayari, kuna mnunuzi alishatoa hela ya mafuta au ya nyavu toka wiki iliyopita kwahiyo mzigo ukifika ni wake, na vile vinavyobaki ni kitoweo cha wavuvi wenyewe. Mgeni anafika saa mbili asubuhi na elfu tatu yake anaona sato wawili anadhani anabaguliwa. Jirani akishakua mtu wako mpe hela jioni mwambie kesho mume wako akipata unikumbuke. Utaletewa mpaka mlangoni na wakati mwingine bure, na ukiletewa bure usikimbilie kutoa noti, unamfanya mtu aonekane muuza samaki wakati alikua jirani. Kaa nalo hilo deni. Wiki ijayo mtoto wake atakua na shida ya hesabu, mfundishe.

Na zile spika za masikioni, hukuziandika kwenye barua ila nakujua, vijana wote mnazo. Ukitembea njiani zitoe. Pale salamu ya njiani sio "mambo" umepita, unasimama, unaulizwa umetoka wapi unaenda wapi, na unajibu. Sio umbea. Siku umepotea ziwani hao hao ndo watasema ticha alipita hapa saa kumi akasema anaenda mwalo fulani.

Ukikaribishwa chakula nawa ukae, tonge mbili tatu za ugali wa muhogo na dagaa hazijawahi kuua mgogo. Niandikie baada ya miezi mitatu.

SWALI: Shangazi mimi nina neno na wewe. Toleo lililopita ulimjibu yule bibi harusi ukawa unasema "Wakerewe wa visiwani" kila mahali, mara Wakerewe wanapenda hivi mara Wakerewe hawapendi vile. Sisi wa Ukara ni Wakara, tuna lugha yetu. Na Ukerewe yenyewe kuna Wajita wengi tu. Unafundisha watu heshima wakati mwenyewe unatuchanganya kwenye kikapu kimoja. – Mkara halisi

SHANGAZI: Umenipata na sina pa kujifichia. Nimekosa. Sijielezi, ushauri niliompa ticha hapo juu naanza kuutumia mimi.

Ila nisimulie moja tu. Nilipoolewa, asubuhi ya kwanza kabisa nikatoka nikapiga goti vizuri mbele ya mama mkwe nikamwambia "mwangaluka mayu", nimejiona nimefanya la maana kuliko shikamoo. Mama wa watu akaitikia, mpole. Jioni wifi yangu akanivuta jikoni akaniambia we huku sio Usukumani. Miaka imepita na bado sijajifunza sawasawa, wasomaji mnaohamia visiwani msifanye kama mimi, salamu ya pale muulizeni mtu wa pale palepale, hata muuza vocha, atacheka matamshi yako na huo ndo mwanzo mzuri. Kijiji kimoja unaweza kukuta nyumba hii Wakerewe ile Wajita ile Wasukuma waliokuja na uvuvi, Kiswahili kinawakutanisha wote, ila ukijua salamu mbili za mama jirani kwa lugha yake ugali unaongezwa.

SWALI: Shangazi mambo, mi ni kijana wa Buzuruga. Nimefungua kibanda umiza kwenye kisiwa kimoja kidogo upande wa Ukerewe, ni kambi ya wavuvi wa dagaa, nina skrini na spika mbili na jenereta. Wiki ya kwanza nilijaza, wiki ya pili wakaja jamaa watatu saa nne asubuhi wamevua mashati wakaniambia nizime au wanizimie wao. Mwenyekiti nimeshampa taarifa na ushuru nalipa. Sijamkosea mtu. Hawa si roho mbaya tu hizi? – Mpenda maendeleo

SHANGAZI: Mpenda maendeleo wewe saa nane za usiku unakuaga wapi? Umelala. Wao saa hizo wako katikati ya ziwa na taa wanavuta dagaa, wanarudi asubuhi wamelowa mpaka mfupa, wanashusha mzigo, wanakula, saa tatu saa nne ndo wanalala. Hapo kambini asubuhi ni usiku wao, na wewe ndo unawasha jenereta uonyeshe filamu ya mateke. Ungekua Buzuruga mtu akakupigia spika saa nane usiku ungevaa shati kwanza?

Wiki ya kwanza ulijaza kwasababu ilikua mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa giza, wanafuata taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi kwahiyo siku kama kumi hivi mitumbwi inapumzika, vijana wana hela na hawana pa kwenda. Hizo ndo siku zako, piga mpaka usiku wa manane hamna atakayekufuata, na panga mechi zako za marudio hapo. Giza likirudi funga mchana, fungua kuanzia saa kumi wakishaamka wanashona nyavu, na saa moja wakiingia majini zima, mafuta yenyewe ya jenereta ni bei.

Mwenyekiti na ushuru ni sawa, ulifanya vizuri. Ila kambi ina wakubwa wake wengine ambao hawana mhuri. Kuna matajiri wenye mitumbwi, kuna viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na kuna wamama wanaoanika dagaa mchangani ambao nakuhakikishia hujawasalimia hata siku moja. Hao wamama ndo anza nao. Na angalia wateja wako wanatokea njia gani usiku, maana kama kibanda umekiweka kule chini watu wanapita juu ya dagaa za watu wameanikwa, wanakanyaga, mchanga unaingia, bei inashuka, na mama anayekopa ili anunue ndoo za dagaa hawezi kukupenda hata uonyeshe nini. Hamisha mlango uangalie juu kwenye nyumba. Hao jamaa watatu wasio na mashati waite jioni uwaonyeshe mechi moja bure, uwaulize wao wenyewe wanataka uwashe saa ngapi. Wakikutajia saa, andika kwa mkaa kwenye bati la mbele kila mtu asome.